Bomba la Jikoni Litangoja Ijumaa

Saa mbili asubuhi, miguu miwili imetokeza chini ya sinki la watu. Ni ya fundi bomba. Mwili uliobaki umo kabatini, unagombana na kiungo kilicholegea. Sanduku la vifaa limekaliwa na mkewe.

"Spana kubwa, mama watoto."

"Omba vizuri. Hapa nabeba kwa hisani."

Anabeba kwa sababu mumewe amekatazwa kunyanyua kizito. Miezi minne iliyopita, mshipa mkuu wa damu ulimvimba tumboni kama tairi la baiskeli lililochoka. Madaktari waliubana kwa juu, wakakata kipande kibovu, wakaunga cha bandia.

"Kazi yangu hiyohiyo," anasema kutoka kabatini. "Ila wenzangu wanavaa glavu safi."

Mshipa ukapona. Figo, zilizokosa damu ya kutosha wakati wa upasuaji, zikanuna. Mkojo ukawa wa matone. Akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na maji ya kunywa akawa anapimiwa kwa kikombe kama dawa.

Hapo ufundi ukamponza. Bomba likiziba, fundi hulisukuma kwa maji mengi. Basi akajifungia bafuni, akanywa jagi zima, akaongeza la pili. Kulipokucha, miguu imejaa kama mito ya kulalia na pumzi haifiki mwisho.

"Nilidhani nazibua," anasema.

Muuguzi wa mashine hakumwonea haya. "Baba, maji ya kuingia umeyapa njia. Ya kutoka ulitaka yapite masikioni?"

Nyumbani kwake bomba la jikoni linadondoka matone miaka nenda miaka rudi, mganga hajigangi. Aliporuhusiwa kutoka hospitali akataka kulitengeneza. Mkewe akasimama mbele ya sinki.

"Liache lidondoke. Angalau nyumba hii ina kitu kinachotoa maji!"

Kisha asubuhi moja, mke akichambua mboga, akasikia mchirizi bafuni alimoingia mumewe. Si matone, mchirizi. Akaacha kisu, akapiga vigelegele mlangoni. Majirani wakaja mbio wakidhani nyumba imepata mjukuu.

Sasa mashine ni mara moja kwa wiki. Ijumaa atapimwa damu: figo zikionekana zinajitosheleza, mrija wa mashine ulio shingoni utatolewa. Zikishindwa, mashine itabaki naye.

"Zinafanya kazi," anasema. "Nazisikia."

"Hata mimi nazisikia," mkewe anadakia. "Usiku kucha mlango wa choo haupumziki."

Fundi anajikokota kutoka kabatini, anafungua bomba, anapitisha kiganja chini ya kiungo. Kikavu.

"Ijumaa nikitoka hospitali sipiti popote. Moja kwa moja jikoni kwangu, nalifunga lile bomba."

Mkewe ameshalibeba sanduku, yuko mlangoni.

"Mpira mpya wa bomba hilo nilishanunua," anasema. "Nimeuficha. Utauona Ijumaa."