Motaboti Iliyokosa Kunyweshwa

Hasira za mkizi ndizo zangu, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nimezirithi kwa babake, na huenda ni kweli. Zimenigharimu mengi, hayo nayasamehe. Ile moja ya mwaka wa tisini na nne ndiyo sijajisamehe.

Baba alikuwa fundi wa motaboti. Yake mwenyewe ilikuwa kuukuu, ya mbao za mvule, aliyoipata kwa Mzungu mmoja wa Kizingo aliyekuwa akirudi kwao. Mama aliiita mke mwenza. Baba aliipandisha pwani, chini ya nyumba yetu ya Kibokoni, aitengeneze upya. Kabla hajagusa hata msumari, akapooza. Mkono wa kulia ukafa, ulimi nao ukafa. Motaboti ikakaa juu ya magogo, chini ya turubai, miaka minne, na baba akakaa dirishani akiitazama.

Daktari alipotwambia kwamba kiharusi kikirudi hakitamwacha, nilipiga magoti mbele ya kiti cha mgonjwa. "Baba, nitaishua majini. Nitakupeleka mpaka Kilindini nikurudishe, walau mara moja." Akanishika kidole kwa mkono wa kushoto, akakikaza. Sikumbuki kama niliwahi kuahidi kitu kingine kwa moyo wangu wote.

Rafiki zangu hawakungoja kuombwa. Karani mwenzangu wa bandarini, Mtaita, alikuja kila alasiri, akalitundika shati lake la kazi na kusugua mbao mpaka nyusi zikageuka nyeupe kwa vumbi. Makanika wa Ganjoni aliifungua injini yote, akaipanga kipande kipande juu ya mkeka wa mamake, na mamake akamtolea maneno wiki nzima. Jirani yangu mshoni alileta mahamri, na mdomo. "Yakhe, chombo hiki kitazeeka mara ya pili kabla hujakimaliza!" Tulicheka. Wallahi, siku zile tulicheka.

Ilikuwa kaskazi, jua la kupasua utosi. Mbao zilikuwa zimekauka hata ncha ya kidole ikaingia baina yake. Ilibaki kukalafati, yaani kuzijaza zile nafasi pamba iliyorowekwa mafuta, kwa patasi butu na nyundo, maji yasipenye. Hapana kati yetu aliyeijua kazi hiyo. Wao waliniuliza mimi, maana mwana wa fundi atakosaje kujua? Mafundi wa kukalafati walikuwa tele bandari ya kale, mwendo wa kumaliza sigara moja. Kuuliza si ujinga, nami najua. Lakini niende nikaulize kazi ya babangu? Niliona haya. Nikasema, "Jazeni mpaka ikatae."

Wakajaza. Hata waliopita kutusalimu tu walishika nyundo wakaongeza pamba yao, kwa mapenzi ya baba.

Yeye tulimteremsha kila jioni, tukamweka kitini ubavuni mwa motaboti, apunge upepo. Tulimpa maji kwa ajili ya joto. Kila kikombe tulichompa alikimwaga kwenye mbao. Mara ya kwanza nikasema mkono wa kushoto haujazoea. Mara ya pili nikapangusa mbao. Siku ya nne maji yalimwagikia pamba niliyokuwa nimetoka kuipigilia, nikampokonya kikombe. "Ebo, baba! Mbona watuharibia kazi? Hata mtoto hamwagi maji ovyo hivi!"

Mbele za watu. Mtaita akainamisha kichwa. Baba akakinyoshea kikombe mkono, akatoa sauti moja ndefu isiyokuwa na neno ndani yake. Nami nikakivuta kiti chake hadi ukutani, asifikie mbao tena.

Ijumaa tuliishua, kwa Fatiha na halua. Ilivuja kidogo, tukasema ndiyo kawaida, tukaifunga gatini. Jumapili asubuhi Mtaita aliacha kanisa, tukambeba baba na kiti chake mpaka ukingoni. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Makanika alikuwa ndani tayari, akijitayarisha kuwasha injini, tuliposikia mlio kama wa mfupa kuvunjika. Kisha wa pili, na wa tatu. Mbavu za motaboti zilikuwa zikikatika. Ubao wa chini ukang'oka, makanika akaruka gatini, na motaboti ikazama pale pale ilipofungwa, baba akitazama.

Fundi mmoja wa kukalafati alikuja mbio kutoka bandarini. Akaziangalia pamba zilizochomoza.

"Hamkuinywesha?" akauliza.

"Kuinywesha nini?"

"Maji! Mbao kavu humwagiwa maji kwanza, siku kadha, zivimbe. Ndipo hutiwa pamba, tena kidogo. Nyinyi mmezishindilia zikiwa kavu. Zimevimba, hazina pa kwenda, zimekivunja chombo."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilishindwa kumtazama baba usoni. Niliutazama ule mkono wa kushoto, ulionifundisha kila jioni nikaufukuza. Rafiki zangu walikinyanyua kiti, tukarudi nyumbani.

Nikateka maji kikombe kile kile, nikapiga magoti. "Mwaga, baba. Nimwagie mimi kichwani, mwaga popote utakapo."

Alikipokea. Akanywa polepole mpaka tone la mwisho, akanirudishia kikombe.