Majoho Kwenye Nyumba Isiyo na Madirisha

Mama mkubwa wangu ni dobi, na mtaani wanamwita Pasi. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliowahi kumletea suruali yenye mfupa wa samaki mfukoni wanajua ni kwa sababu ya ulimi.

Ana sheria moja ya kazi: nguo nyeusi haianikwi juani. "Jua linakausha na kufubaza," husema. "Upepo unakausha tu, hauombi rangi." Kwa hiyo nguo nyeusi huzianika kivulini, chini ya paa la nyuma. Joho la mahafali hulichomeka fimbo ya ufagio kutoka mkono huu hadi mkono ule, likaning'inia limetanua mikono kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Upepo unapita ndani, mikunjo inakuwa michache.

Majoho ni ya chuo cha mjini, themanini na sita, na huja kwake kila mwaka. Chuo hicho nakifahamu. Nilisoma pale mpaka katikati ya diploma, kisha mimi na hesabu tukaachana kwa amani. Matokeo yake majoho nimeyafua mengi, sijavaa hata moja.

Mwaka huu yaliletwa Jumatatu, na dhoruba nayo ilikuwa njiani. Redio ilionya juu ya upepo wa kung'oa mapaa. Watu wakafunga mabati kwa waya, wakanunua mishumaa, wakapatana na majirani waliokosana nao. Mama mkubwa akasema haloweki hata soksi mpaka mgeni huyo apite.

Jumatano jioni baba mkubwa, dereva mstaafu wa lori ambaye siku hizi anaendesha redio tu, aliingia jikoni akicheka.

"Mke wangu, imedhoofika! Imegusa nchi kavu ikakata pumzi. Hata jina la dhoruba wameinyang'anya."

"Imedhoofika au imekwisha?"

"Si yale yale?"

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mama mkubwa, mtu asiyeamini hata saa ya ukutani bila kuchungulia nje, siku hiyo aliamini. Alhamisi alfajiri akaloweka majoho yote themanini na sita kwa mkupuo. Saa nne mvua ikaanza.

Dhoruba iliyodhoofika, tulikuja kujua, ni kama bondia mstaafu aliyehamia kwenu: hampigi mtu, lakini haondoki. Ilinyesha mchana kutwa, bila radi, bila hasira. Redio ikawa inasoma habari za mkoa mzima: daraja la bondeni limefunikwa na maji, miti imelalia nyaya, shule zimefungwa, mabasi yamegeuzia njiani. Saa nane umeme ukakatika. Baba mkubwa akashukuru kwamba redio yake ni ya betri.

"Na mimi ningeshukuru kama hizo betri zingekufa jana," mkewe akamjibu.

Nyumba ikajaa majoho. Yalining'inia milangoni, kwenye kabati, kwenye fremu ya picha ya harusi yao. Asubuhi ya Ijumaa baba mkubwa alikuwa mezani, mkono wa joho ukidondoshea maji kikombe chake.

"Chai yangu inaingia maji!"

"Kunywa tu. Hiyo ni elimu ya juu."

Lakini utani ulikuwa wa mdomoni. Majoho yalikuwa yameanza kutoa ile harufu ya unyevu ambayo kila dobi huiota akiugua. Kisha mtunza stoo wa chuo akapiga simu.

"Mama, mahafali yako pale pale, kesho saa tatu. Kuna duka jipya la mashine za kufulia, wananifuata kila wiki. Mwaka huu yakija yananuka, sitakuwa na la kukutetea."

Mama mkubwa aliweka simu chini akaanza kunusa majoho, kola kwa kola. Nyumbani kwetu hilo lilitisha kuliko onyo lolote la redio. Kazi ya chuo ndiyo iliyofanya watu wamwite fundi badala ya mfua nguo.

Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Upepo, ule ulibaki, ukivuma mfululizo. Mlango wa nyuma ukajibamiza. Mama mkubwa akaenda kuufunga, akapita kwenye joho lililokuwa koridoni kati ya milango miwili, akasimama ghafla.

"Njooni mguse hili."

Tukaligusa. Lilikuwa limekauka mpaka kiunoni.

"Upepo tunao," akasema. "Kinachokosekana ni korido ya majoho themanini na sita."

Akatazama ng'ambo ya njia. Pale kuna ghorofa la jirani yetu, Bwana Taratibu, ambaye yuko mwaka wa kumi na moja akijenga. Lina nguzo na zege la juu. Madirisha ni matundu, na ukuta wa mbele bado ni ndoto. Mama mkubwa akavuka na mwavuli.

"Dada, nyumba yangu iwe kamba ya nguo?" Bwana Taratibu alilalamika. "Watu watasema nini?"

"Watasema hatimaye imepata wapangaji."

Akacheka bila kupenda. "Basi, ila msipigilie misumari."

"Misumari ya nini, na nondo zimechomoza kila kona kama nywele za asubuhi?"

Baba mkubwa, akilipia dhambi ya redio, alitoa kamba zake za turubai akazikaza kutoka nguzo hadi nguzo kwa yale mafundo ya madereva wa lori, ambayo hayalegei mpaka uyabembeleze. Kufika saa sita majoho yote yalikuwa juu, kila moja na fimbo yake, yamevimba tumbo, yakiyumba pamoja. Yalikuwa mahafali ya watu wasio na vichwa. Kwa baadhi ya wahitimu ninaowajua, tofauti haikuwa kubwa.

Saa tisa upepo ukatulia. Majoho yakanywea, na sisi pamoja nayo. Mama mkubwa akatoka hadi ukingoni mwa zege.

"Vuma, baba, vuma. Usinidhoofikie sasa hivi."

"Jana uliilaani dhoruba, leo unaiita baba?" mumewe akauliza.

"Wewe nyamaza, unatumia betri."

Baada ya nusu saa ukarudi. Kabla giza halijaingia hapakuwa na joho lenye unyevu hata kwapani. Tukawasha pasi za mkaa.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa stoo ya chuo. Mtunza stoo alizamisha pua kwenye kola, kisha kwapani, kisha akachagua jingine la chini kabisa.

"Umetumia mashine?"

"Ndiyo."

"Ya aina gani?"

"Ya ghorofa. Haitumii umeme."

Hakuelewa, ila akatabasamu. Wahitimu waliofika walikuwa sabini na mmoja. Kumi na watano wa bondeni walizuiwa na daraja. Mtunza stoo akayatazama majoho yao, akaitazama dari ya stoo yake, iliyokuwa ikivuja pembe mbili.

"Hawa tutawafanyia sherehe yao wiki ijayo. Mama, haya yakae kwako. Hapa yataharibika."

Njiani kurudi, dereva wa gari tulilokodi alitaka kuyaweka nyuma. Mama mkubwa akakataa. Alikaa mbele na majoho yote kumi na matano mapajani, yamemfika kidevuni, akiwapungia mkono watu wasiomjua.