Chungu Sikufungua Kabambare

Siku yangu ya kwanza kwenye gazeti la misioni, hapa Kasongo, Padiri Mukurugenzi alinikalisha mbele ya mashini na kunionyesha stensili. Ni karatasi ya nta: unapiga herufi bila utepe, herufi zinatoboa nta, wino inapita. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu na kungoja ikauke. Mimi nilikuwa mujane na watoto watatu. Nilishukuru Mungu, nikapiga.

Padiri alisimama nyuma yangu. "Mama Rozalia, hapa tunaandika kitu mutu ameona na macho yake. 'Watu wanasema' haiko habari."

Ile maneno niliiweka moyoni. Sikujua kama siku moja itanifaa dhidi ya yeye mwenyewe.

Magaribi nilisoma masomo ya uandishi pale misioni, pamoja na walimu na makarani. Mwanamuke nilikuwa peke yangu. Kwa kumaliza, kila mutu alipaswa kufanya anketi, maana yake kwenda mwenyewe, kuuliza, kurudi na kuandika kitabu kidogo, kisha kujibu mbele ya wakubwa. Bila ile, hakuna diplome, na bila diplome ningebaki kupiga maneno ya wengine mupaka vidole vife.

Wenzangu walijichagulia. Mumoja alichukua soko ya Nyangwe. Mimi nilipewa: kwa nini pamba haioti upande wa Kabambare.

"Kwa nini mimi, Padiri?"

"Juu uko na shangazi kule."

Sikumuambiaga hata siku moja kama niko na shangazi kule.

Kisha nikasikia nitapanda kamio, lori ya kampani ya pamba, bure, mbele, karibu na shofere. Nani alipandishaga mwanamuke mweusi mbele? Njia yote nilishika rozari na kujiuliza nani hasa anangoja hii kitabu yangu.

Shangazi Zaina, dada ya baba yangu, alinipokea na mikono kiunoni.

"Ee, mutoto wa kaka yangu! Umekuja kusalimia ao kupeleleza?"

"Kusoma, Shangazi."

"Kusoma! Na meno inaanza kung'oka!" Wanawake wote walicheka. "Na wanakusomesha nini?"

"Kuandika kitu niliona na macho."

"Na macho tu?"

"Na macho tu."

Akanipa jembe.

Wale wanawake nilikaa nao, nililima nao. Pamba ilikuwa lazima, kila nyumba na shamba yake, na kapita, musimamizi wa mashamba, alipita kupima. Muhogo ilingoja. Niliona watoto wanalala na maji ya moto tumboni. Hii yote niliandika.

Siku ya kugawa mbegu, kapita alimuachia Shangazi kikapo moja kwa kupanda kesho yake. Mchana nilitoka kuchota maji. Niliporudi kikapo ilikuwa tupu, na chungu kubwa ilikuwa inatokota. Harufu ilikuwa ya mafuta, lakini haikuwa ya mawese. Chakula gani inaiva na hakuna mutu anatafuta sahani? Mbegu ya kupikwa haioti. Mutu yeyote wa shamba anajua hivyo. Na kama wakubwa wangejua, bwana ya Shangazi angefungwa boloko, na fimbo juu.

Mukono yangu ilienda kwenye kifuniko. Ile ndiyo kazi nilisomea, kufungua.

"Mutoto wa kaka yangu," Shangazi alisema polepole, "unaandika kitu uliona?"

"Ndiyo."

"Basi usifungue."

Nikatoa mukono.

Siku ya kujibu niliingia, na pembeni ya Padiri alikaa Bwana Agronomu, mukubwa wa mashamba. Hakuna mutu aliniambiaga atakuja. Kitabu yangu ilikuwa mbele yake, imekunjwa kona.

"Mbegu nzuri, mvua iko, udongo iko. Nani anaharibu?"

"Niliandika kitu niliona, Bwana. Niliona njaa."

"Sikuuliza njaa! Uliona mutu anaharibu mbegu?"

"Sikuona."

"Ulisikia?"

Nilimugeukia Padiri. "Padiri alinifundisha, kusikia haiko habari."

Padiri alikohoa, akaangalia dirisha. Kama alicheka ao alikasirika, mupaka leo sijui. Diplome walinipa. Sikuungama kwake, nilingoja padiri wa kupita njia, naye alisema, "Mama, hukusema uongo. Enda kwa amani." Hata yeye nilimuangalia mara mbili.

Sasa wazungu wameenda, pamba ya lazima imeenda, na gazeti letu limefungwa. Nimepumzika kazi mapema, mvi haijajaa. Ninyi vijana munaoshika kalamu, mukitumwa kuuliza, anzeni kumuuliza yule anawatuma. Na kama anawapa kiti ya mbele, muulize tena.

Jumapili iliyopita, kisha misa, Shangazi alifika kwangu na mizigo yake, amezeeka, mudomo uleule. Akaingia jikoni, akafukuza watoto, akapika. Kisha akaniita kwenye chungu.

"Muandishi! Leo fungua."

Nilimuangalia usoni kwanza. Nikaangalia mulango.

"Fungua, wee! Watoto wana njaa."

Nikafungua. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo.