Gego la Mwanarusi

Mwaka 1954, maulidi ya wanawake pale Msambweni hayakusomwa bila Mwanarusi binti Kibwana. Yeye alisoma, wenzake wakapokea. Kila herufi aliitoa mahali pake.

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ulipokaribia, gego la chini lilianza kumuuma. Karafuu haikufaa. Kaka yake, Sefu, akampeleka zahanati kwa dresa, msaidizi wa tabibu, aliyeitwa Katana, mtu mpole wa maneno. Katana alimdunga ganzi, akalishika gego kwa koleo. Likakatika. Kichwa kilitoka, shina likabaki ndani ya taya. Katana alilitazama lile jino, akalitupa ndooni, akamjaza pamba.

“Tayari, mama. Sukutua maji ya chumvi.”

Shavu likavimba, homa ikampanda. Sefu alimrudisha. Katana alisimama mlangoni, hata kinywa hakumfunua.

“Uvimbe ni kawaida. Utashuka.”

Walirudi tena wakaambiwa yale yale. Hatimaye meno hayakuachana, usaha ukawa unamtoka chini ya kidevu. Sefu akaomba nafasi kwenye lori la nazi, wakafika Likoni, wakavuka. Huko Mombasa daktari alilitoa shina pamoja na kipande cha taya kilichokwisha kuoza.

“Jino kukatika humkuta tabibu yeyote,” alimwambia Sefu. “Hilo silihesabu kosa. Lakini kujua shina limebaki ukanyamaza, kisha ukamfukuza mgonjwa mwenye homa bila kumtazama, hilo ni kosa.”

Sefu aliyapeleka maneno hayo barazani kwa Mudiri, mtawala wa eneo lile. Katana akaitwa. Mwanarusi naye alikuwapo, buibui limemfunika mpaka puani.

“Ulijua shina limebaki?” Mudiri aliuliza.

“Nilijua, bwana.”

“Mbona hukumwambia?”

“Niliona haya. Nilidhani litatoka lenyewe.”

“Na aliporudi?”

Katana aliinamisha kichwa. “Niliogopa kutazama.”

Baadhi ya wazee walisema ni kadari ya Mungu, yaachwe. Mudiri alikataa. “Kadari ni jino kukatika,” alisema. “Mlango aliufunga yeye.” Katana akaachishwa kazi. Kabla ya kutoka alimwendea Mwanarusi. “Niwie radhi, mama.”

Mwanarusi alifunua uso. Taya lilikuwa limebonyea, mdomo umekwenda upande, mate yanamchirizika. Alijaribu kujibu. Midomo haikukutana, neno likatoka upepo mtupu. Katana hakuelewa, wala hakuthubutu kumwomba arudie. Aliondoka.

Sefu alikuwa amemsikia. Mwanarusi alikuwa amesema, “Siwezi.”

Mfungo Sita ulipoingia, wanawake walimjia awasomee hata kidogo. Alijifungia chumbani. Kutoka nyumba ya pili alisikia msomaji mwingine akiteleza kwenye herufi alizozijua yeye, na wenzake wakipokea hivyo hivyo. Mwaka uliofuata, usiku wa maulidi, alilala mapema, na tangu hapo hakuna aliyemwalika tena.