Siku Walipotaka Kumlilia Baba Akiwa Hai

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ile mvua nyembamba ya Butembo ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na watu walikuwa wakipanda kuja nyumbani kwetu, mtaa wa Kimemi, na kuni kichwani. Zilikuwa kuni za matanga. Walikuja kumlilia baba yangu, na mimi sikujua kama bado nina baba ama sina.

Acha kwanza nikwambie alikuwa nani, maana mtu halii wala hacheki kwa habari ya mtu asiyemjua.

Baba yangu, Kambale, alizaliwa huku juu milimani, kwenye baridi na mashamba ya maharage. Akiwa kijana aliteremka Kyavinyonge kubeba samaki, akaiona mashua ya tanga ikiingia kutoka katikati ya Ziwa Edouard, akasahau kurudi. Huko alijifunza kazi, huko alimwoa mama, huko tulizaliwa sote. Tanga lake alilishona mwenyewe kwa maturubai ya zamani, sisi watoto tukiwa tumeshika pembe ili lisikunjike. Wenzake walipoanza kufunga moteri nyuma ya mashua zao, yeye alicheka tu. "Moteri inakunywaka," alisema. "Upepo haikunywake kitu." Jumapili alivaa koti lake la pekee akaimba sauti ya chini kanisani, na mama alikuwa akisema kwamba hata mtu akikaa nje anaweza kujua kama Kambale amekuja kusali.

Kisha vita. Ile ya kwanza ilipita juu yetu kama mvua ya mawe. Ya pili ilikuja ikakaa. Ziwa likawa na mabwana wengi, leo hawa, kesho wale, na mvuvi hakujua asubuhi amsalimu nani. Baba akatupandisha Butembo, akaiacha mashua yake ufukoni. Akawa anachonga vitanda na chukudu, yale magurudumu ya mbao ya kusukumia mizigo, mikono ile ile, lakini kila upepo ulipovuma aliinua kichwa.

Dada yake, shangazi Masika, alikuwa amebaki Kyavinyonge. Alikuwa mjamzito, na mume wake alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu upande wa Manguredjipa, habari zake zikakatika. Siku baba aliposikia kwamba wenye bunduki wanakaribia ufuko, aliweka randa chini.

"Na kama vita inakukuta kule?" mama alimuuliza.

"Masika hapana na mutu mwingine," baba akajibu. "Nitarudi naye."

Tukasali, akateremka. Siku chache baadaye vita ilifika ziwani.

Mwanangu, woga wa kungoja si kama woga wa risasi. Risasi unaikimbia; kungoja unakimbilia wapi? Kila asubuhi nilikwenda kusimama kwenye njia inayotoka ziwani. Watu walipanda wakiwa na magodoro, na kuku, na watoto waliolowa, na mimi nilitazama kila uso mpaka macho yakauma. Nilipomsikia mwanamume akikohoa barabarani, moyo ulinipasuka, kisha nikaona si yeye.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, mchuuzi wa samaki tuliyemfahamu. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Kahindo, pole," alimwambia mama, akimwita kwa jina langu. "Mashua ya Kambale banaikuta imepinduka. Alishakufa na maji."

Mimi nilipiga kelele. Wadogo zangu wakaanza kulia kwa sababu mimi nilikuwa ninalia. Mama hakulia. Alikuwa akipukuchua maharage, na nakumbuka mikono yake ilisimama tu.

"Uliona na macho yako," aliuliza, "ao ulisikia?"

"Nilisikia kwa batu."

"Batu gani?"

Yule mwanamke alitaja jina la mtu, na mtu yule naye alikuwa amesikia kwa mwingine.

Lakini ulimi hauna mfupa. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umejua, na kesho yake, katika mvua ile niliyokwambia, Baba Mkubwa Paluku, kaka yake baba, alifika na wazee wa ukoo, wakiwa na shitingi kubwa ya plastiki ya kufunika uwanja, na nyuma yao watu na kuni zao. Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amevimba macho. Alitaka ndugu yake apewe heshima yake, hata kama mwili umebaki majini.

"Muke wa ndugu yangu," alimwambia mama, "lisemwalo lipo, kama halipo liko njiani. Tukae matanga."

Mama alisimama. Alikuwa mfupi, na mbele ya wazee wale hakuwahi kuinua sauti. Siku ile pia hakuinua.

"Kama neno iko mu njia, tuingojee," alisema. "Na bwana yangu pia, pengine eko mu njia. Lakini matanga ya mutu mwenye hakuna aliyemwona amekufa, hapana. Si kwangu."

Wazee walinung'unika. Mmoja alisema huzuni imempanda kichwani. Mama akamgeukia Baba Mkubwa kwa upole. "Shemeji, hii kuni mulileta, wasingya, asante. Hapana kuirudisha. Barabarani kuna batu banalala na mvua. Tuwashe, tupike."

Kisha Baba Mkubwa mwenyewe akaanza kufunga shitingi kwenye miti, na chini yake tukawaingiza wakimbizi wa ziwani, akina mama na watoto wao. Tukawapikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na yale maharage. Na kila aliyepewa sahani, mama alimuuliza lile lile: uliona, ao ulisikia? Wengi walisikia. Mzee mmoja peke yake aliacha kutafuna akasema aliona. Alimwona Kambale akisukuma mashua, imejaa wanawake, tanga limetobolewa na risasi, na ilielekea upande wa Uganda. Kama ilifika, hakujua.

Mimi hata habari ile iliniongezea hofu. Ziwa ninalijua. Mama aliitikia kwa kichwa tu akaenda kuongeza maji kwenye sufuria. Lakini nilipopita nyuma ya nyumba baadaye, nilimkuta ameegemea ukuta, mkono mdomoni, anatetemeka kama mwenye malaria. Usidhani, mwanangu, kwamba mwenye subira haogopi.

Wiki zikapita, shitingi ikabaki, watu wakazidi. Alasiri moja nilikuwa ninatoka kuchota maji, nikamwona mwanamume amesimama ng'ambo ya barabara, akitazama uwanja wetu. Amekonda, koti si lake. Hakuwa akisogea. Pembeni yake shangazi Masika alikuwa ameketi juu ya kifurushi, na mtoto mchanga kifuani.

Ndoo ilinianguka, nikavuka mbio. Baba alinishika mabega, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Kahindo," alisema. "Nani alikufa kwetu? Ni mama yako?"

Kumbe alikuwa ameona shitingi na umati, akaogopa kuvuka barabara.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Mama eko. Banasema ni weye njo ulikufa."

Alikaa chini papo hapo kwenye matope, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Mama alitoka kwa kusikia sauti ile. Alimgusa uso, masikio, mabega, kama mtu anayepapasa nguo gizani.

Akatueleza. Risasi zilimkuta ufukoni. Alimpakia Masika, akatupa nyavu na masufuria majini ili wapate nafasi wanawake waliokuwa wakilia. Upepo ulitoka nchi kavu ukawapeleka Katwe, ng'ambo ya Uganda, tanga likiwa na matundu. Iliyopinduka ilikuwa mashua ya mwingine, Mungu amrehemu. Huko Masika alijifungua, na baba hakumwacha mpaka aweze kutembea. Wakarudi kwa njia ya Kasindi na Beni, juu ya kamyo la mizigo, barriere za wenye bunduki moja baada ya nyingine. Mashua aliiacha. "Mbao ni mbao," alisema, lakini alisema akitazama pembeni.

Baba Mkubwa alikuja akamkumbatia, hajui aweke wapi macho. "Ndugu yangu, nilishaleta kuni zako."

"Zinawaka muzuri?" baba akamuuliza.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ziwa lilipotulia kidogo alichonga mashua nyingine, akaitweka tanga, akawafundisha wajukuu kunusa upepo. Yule mtoto wa Katwe alikua akawa mshika usukani wake. Asubuhi moja, mzee sana, baada ya uji, alilala ubavu akaondoka, na sisi sote tuko chumbani. Hakuna marefu yasiyo na ncha.

Sasa sikia, mwanangu. Leo barabara ya Beni inatutia hofu tena, na simu yako inaleta vifo kabla ya jogoo kuwika. Neno likikufikia, uliza: uliona, ao ulisikia? Usiyape mauti mdomo wako yautumie kabla ya wakati wake. Na wakati unangoja, usikae na mikono mitupu. Kuna mtu amelowa barabarani, mpikie. Wewe pia unaye aliye mbali, na pengine saa hii anapikiwa na mama wa mtu.

Nenda sasa. Nyamuhanga, Mungu wa wazee wetu, akutangulie mahali njia inapopinda. Wale unaowangoja wakukute hai, na wale wanaokungoja uwakute wamekaa, wanakula, mlango wazi.