Injini ya Mwalimu wa Kwaya

Mtanicheka, lakini nasema. Mimi ni fundi wa magari hapa Mbumbuni. Jumamosi mwalimu wetu wa kwaya aliniletea gari lake la michezo, kuukuu lakini lina turbo! Nusura niruke. Nikasogeza taiming mbele kidogo, plagi zichome mafuta mapema injini ipate nguvu, tukaenda kulijaribu. Turbo ilipoamka, mgongo wangu uligandishwa kitini. Raha tupu! Mara nikasikia chaka-chaka-chaka.

"Simama, Mwalimu! Injini inagonga! Itatoboa pistoni!"

Nikashuka, nikarudisha taiming nyuma. Akakanyaga mafuta: chaka-chaka. Nikarudisha tena, na tena, huku nikimhubiria habari za pistoni. Kwa kurudishwa huko gari likachoka hadi bodaboda yenye magunia mawili ya ndengu ikatupita mlimani. Mlio bado upo.

Tukafika kanisani tukijikokota. Kwaya nzima ilikuwa inangoja mazoezi. Nikawatangazia kwamba injini ya mwalimu wao inakufa, tuiombee. Wakainamisha vichwa.

Mwalimu akafungua buti, akatoa kayamba tatu, akazitikisa: chaka-chaka-chaka.

"Fundi," akauliza kwa upole, "na hizi pia zina pistoni?"