Hadubini Yenye Mwili wa Cherehani

Hadubini ya zahanati niliiangusha mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikiihamishia dirishani kutafuta mwanga. Lenzi zilipona. Mwili wa chuma ulivunjika vipande viwili, na mimi ndiye niliyekuwa mpimaji pekee wa maabara pale kijijini, ng'ambo ya Buigiri.

Mwezi huohuo dada yangu mkubwa akaletwa, amekonda, anakohoa hadi anashika ukuta. Nilijua ni kifua kikuu. Mganga wa zahanati naye alijua. Lakini utaratibu ulikuwa utaratibu: vijidudu visipoonekana kwenye hadubini, dawa haianzwi. Na dawa zilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka kitanda alicholalia. Nilimchukia yule mganga kwa uaminifu wake.

Nikaunda mwili mpya kwa mbao za mninga. Nikigusa tu skrubu ya kulengea, picha inatoroka. Na jirani kulikuwa na mashine ya kusaga, moja ya zile zilizofunguliwa na watu binafsi tangu biashara iachiwe huru. Ikiunguruma, mbao zote zinatetemeka. Niliupiga teke mninga wangu nikaumia kidole.

Nikabeba makohozi ya dada hadi mjini. Maabara ya huko ilikuwa imezidiwa na kazi. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Dada hakuwa na wiki mbili. Nikatoka hapo hadi mtaa wa Chang'ombe, hukohuko mjini, nikawa nagonga vyuma vya watu kama mwendawazimu: fremu ya baiskeli, jeki ya lori, mizani mbovu. Hakuna kilichofaa.

Kwenye kibaraza kimoja mzee fundi cherehani alikaa bila kazi. Mitumba ilikuwa imemmaliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kitambaa?"

"Natafuta chuma kisichotikisika."

Hakunicheka. Alijaza maji kwenye glasi, akaiweka juu ya cherehani, akazungusha gurudumu kwa nguvu zake zote. Halikumwagika hata tone. Mimi nilikuwa nimeshaona zaidi ya hapo: shingo nene, mti wa sindano unaopanda na kushuka wima, na chini yake tundu ambalo mwanga ungeweza kupita. Nilimwachia saa yangu ya mkononi, nikaondoka na cherehani begani, nikiogopa asije akabadili mawazo.

Nilipanua tundu, nikafunga bomba la lenzi kwenye mti wa sindano, nikaweka kioo chini yake. Mashine ya kusaga ilipowashwa, picha bado ilicheza kidogo. Nililia, sioni haya kusema. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na mwenye mashine huizima adhuhuri aende msikitini. Nikangoja.

Kimya kilipoingia niliweka makohozi ya dada, niliyokwisha kuyatia rangi, chini ya lenzi. Buluu tupu. Nikasogeza, buluu tena. Kisha vijiti vyekundu, vijidudu vyenyewe, viwili, vitano, vimejazana.

Nilipiga yowe, nikakimbilia kitandani kwake. "Wapo! Dada, wapo! Wamejaa tele!" Nilikuwa nacheka, nimemshika mikono yote miwili.

Aliichomoa mikono yake taratibu.

"Kina nani, mdogo wangu?" akauliza.

Wiki zote zile nilihangaikia chuma. Sikuwa nimemwambia anaumwa nini.